Hukumu ya Shaka katika Mji wa Atomi

Nililala nimenuna, wala sioni haya kusema. Mchana ule Ngonyani, mwalimu wetu wa taaluma, aliamuru mwanafunzi wangu Zawena asimame mstarini asubuhi amwombe radhi mbele ya shule nzima. La sivyo atolewe mchepuo wa sayansi. Kosa lake? Aliuliza kwa nini elektroni, ikiwa kweli inazunguka kiini kama sayari, haipotezi nishati ikakiangukia. Ngonyani akauita ubishi. Mimi sikumtetea, nikaenda kulala na hasira zangu.

Ndotoni nikajikuta katika Mji wa Atomi, nimeshikwa mkono na bibi mkavu mwenye macho makali, jina lake Ushahidi. Akanipeleka barazani alipoketi hakimu Mazoea, kitambi mbele, na wazee watatu ubavuni pake. Wa kwanza alishika gololi ngumu, akiapa kuwa atomi ndiyo hiyo, haigawanyiki. Wa pili alishika donge la unga lililochomekwa zabibu, akidai ndivyo elektroni zilivyopachikwa ndani ya atomi. Wa tatu alikuwa na punje, ndiyo kiini, katikati ya uwazi mkubwa, na vijipunje vikiizunguka kama sayari. Mbele yao alisimama, amefungwa kamba, binti aitwaye Shaka, eti kwa kuuliza kama huo ndio mwisho wa maarifa.

Bibi akanieleza kuwa wazee wale wanajuana vizuri na Shaka. Ndiye aliyeuliza mbona ndani ya gololi hutoka vijipande vyenye chaji, ndipo wa pili akapata kiti. Ndiye aliyetaka donge lirushiwe vichembe. Vingi vikapenya, vichache vikarudi vilikotoka, wa tatu naye akaketi. Leo wamekaa kitako wanamhukumu! Shukrani ya punda kweli ni mateke. Shaka akamuuliza mzee wa tatu kinachozuia vijipunje vyake visianguke. Mazoea akamjibia kuwa mji umekwisha jengwa, kisha akaamuru Shaka akatwe ulimi.

“Mwanangu,” bibi akaniambia, “mimi sisemi nisipoulizwa. Wakimkata huyu ulimi, nami nimekuwa bubu.”

Nikafumbua kinywa kupiga kelele. Nikaamka natweta, na papo hapo nikaelewa nilichokuwa nimekiacha kitendeke.

Sikungoja chai, nikakimbilia shuleni. Zawena alikuwa amekwisha itwa mbele. Nikapita katikati ya mistari, nikasimama kando yake.

“Haombi radhi,” nikamwambia Ngonyani, shule nzima ikisikia. “Kama kuuliza ni kosa, mimi ndiye niliyemfundisha. Anza na mimi.”

Kisha nikamgeukia Zawena. “Uliza tena, mwanangu. Kwa sauti.”