Sambusa za Fundi wa Aden

Mwanakhamis alitoka kwake Kibokoni akiwa amenuna tangu alfajiri, na alikuwa na haki ya kununa. Bintiye Duha anaolewa, mtoto wa pekee aliyepewa na Mungu, kisha sambusa za harusi zikatafutwe hotelini! Miaka ishirini na tatu amekanda unga, amepika manda nyembamba za kufungia, amekunja na kukaanga, hata mtaani hakuna asiyeujua mkono wake. Leo harusi ni ya mwanawe mwenyewe, naye anaambiwa akae kitako apumzike. Kuku wangu mwenyewe, manati ya nini?

"Si kwamba zako mbaya, mama," Duha alimwambia wakivaa mabuibui. "Ni Bi Nasiha ataka sinia lenye sambusa za kila taifa. Twende tukaonje, achague mwenyewe. Na tafadhali, mambo ya kukaanga usiyataje. Leo twala tu."

Hilo la mwisho Mwanakhamis hakulielewa, lakini hasira zilimzuia hata kuuliza.

Bi Nasiha, mamake bwana harusi, alikuwa amefika juzi kutoka Malindi. Huko alikuwa na duka la vitambaa, na hata maneno aliyatoa kwa kipimo. Aliwaamkua vizuri, akauliza hali za nyumbani moja baada ya moja, kisha akatangulia mbele na mkoba wake kana kwamba mji ni wake. Mwanakhamis alimfuata akimtafutia kosa, asilipate.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ya Wagujarati wasiogusa nyama. Zililetwa sambusa nene za viazi na njegere, ganda lake likivunjika kwa mlio, na chatini ya ukwaju pembeni. Mwanakhamis alitafuna taratibu kama hakimu. Bizari ilikuwa imekaangwa ikaiva, chumvi imekaa, viazi havikuwa na majimaji. Zilikuwa nzuri, na hilo lilimuudhi kuliko kama zingekuwa mbaya.

"Hizi ni kazi," alisema mwishowe, kwa shida.

"Ni kazi kweli," Bi Nasiha akasema, "lakini wageni wangu hawatanisamehe sinia lisilo na nyama."

Wakapanda hadi Mwembe Tayari, kwenye hoteli ya Wasomali iliyojaa wasafiri wanaongoja mabasi ya bara. Hapo sambusa zilikuwa nyembamba, za nyama, zikinukia iliki, na pilipili mbichi iliyosagwa ya kumtoa mtu machozi. Mwanakhamis alipiga bismillahi, akauma, akaacha kutafuna.

Aliijua nyama ile. Kitunguu kilikuwa kimekatwa kidogo kidogo kwa kisu, hakikusagwa, na maji yake yamekamuliwa ndani ya kitambaa. Iliki ilitiwa mwisho. Akaigeuza sambusa akaitazama ncha yake.

Hapa msomaji inabidi ajue jambo ambalo Mwanakhamis hakupenda kulisema mbele za watu. Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Marehemu mamake alimpiga vidole kwa mwiko mpaka akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia na kupokea kwa kulia. Kukunja manda tu ndiko kulikokataa. Sambusa za watu wengine ncha hubandikwa ikaelekea kulia. Zake huelekea kushoto. Na hii iliyokuwa mkononi mwake ilielekea kushoto.

"Vipi, mama?" Duha aliuliza, na sauti yake haikukaa sawa.

"Nimepaliwa na pilipili."

Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anamfikiria Hussam, mtoto wa kakake, anayepitia kwake kila siku kuzichukua sambusa zikiwa mbichi. Hussam alimwambia anawapelekea wachuuzi wa Feri, wao wakazikaange hukohuko. "Leo wateja wataka iliki, shangazi." "Leo wataka jibini." Na yeye, mjinga wa Mungu, alistaajabu kidogo kwamba mtu anayekimbilia kivuko asiachwe anapata wapi nafasi ya kuchagua jibini, kisha akaendelea kukunja. Akaifunga ile sambusa kwa karatasi, akaitia mkobani. Alitaka kuwa na hakika kabla ya kumrarua mtoto wa watu.

Walirudi Mji wa Kale. Kwenye hoteli ya tatu kulikuwa na kibao kikubwa: SAMBUSA HALISI ZA KISWAHILI. Ndani, sambusa zilitoka kwenye jokofu zikatoswa moja kwa moja kwenye mafuta, nje zimeungua na katikati baridi, zimejaa kabeji. Bi Nasiha aliuma mara moja, akairudisha sahanini kwa adabu.

"Basi ndizo hizi za Kiswahili? Nilidhani Waswahili ndio wenyewe. Kumbe wenzao wamewapita."

Mwanakhamis alihisi damu inampanda kichwani. Sahani ya takataka ndiyo imepewa jina lake, na kazi yake imepewa jina la wengine! Akafungua kinywa. Chini ya meza mguu wa Duha ukamgonga, ukamgonga tena. Akakifunga. Lakini aliuweka ule mguu akilini.

Hoteli ya nne ilikuwa ya Kiyemeni, yenye mazulia na mito ya kuegemea. Mhudumu, kijana mmoja mchangamfu aliyejiita Jefwa, aliwaletea sinia la sambusa za jibini zilizonyunyizwa mbegu nyeusi za habasoda, na nyingine za nyama.

"Hizi hamtazipata popote," alisema. "Fundi wetu ametoka Aden. Hata tajiri mwenye hoteli haruhusiwi kumwona akipika."

Bi Nasiha aliuma, akafumba macho. Akala ya pili. Akala ya tatu bila kusema neno, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa hotuba nzima.

"Nimemaliza," akasema. "Hizi ndizo za harusi. Nataka nikamsalimie huyo fundi."

"Haonani na watu, mama," Jefwa akajibu haraka.

Mwanakhamis aliigeuza sambusa moja. Kushoto. Ya pili, kushoto. Akatoa ile ya Wasomali mkobani, akailaza kando ya hizi.

Kabla hajasema lolote, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Hussam na sinia kubwa kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya buluu. Maua yale Mwanakhamis aliyadarizi mwenyewe. Hussam aliwaona wote watatu, akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Shikamoo, shangazi."

Mwanakhamis hakuipokea salamu. "Feri imehamia hapa lini?"

"Shangazi, nitakueleza nyumbani..."

"Nieleze papa hapa! Nami nimekuja kumwona fundi wa Aden. Yuwapi? " Akajigonga kifua. "Ndiye huyu aliyekamua vitunguu leo asubuhi mpaka macho yakavimba?"

Watu wa meza za jirani waligeuka. Hussam alilitua sinia, akajifuta jasho. "Ningewaambia zatoka kwa mama mmoja Kibokoni, wangezitaka? Watu wanataka fundi wa mbali. Za mama wa mtaani hawazioni. Na sikuanza peke yangu. Duha ajua. Ndiye aliyenikataza nisilitaje jina lako popote, kwa sababu ya wakwe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanakhamis alikuwa amejiandaa kumrarua Hussam, ulimi ameunoa tangu Mwembe Tayari, na sasa hakuwa tena na haja naye. Akamgeukia bintiye. Duha alikuwa anatazama zulia.

Bi Nasiha alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Mwanangu, ulitwambia mamako ni mtu wa kukaa ndani. Ulisema ala kodi za majumba aliyoachiwa na marehemu babako."

Majumba! Mwanakhamis anapanga vyumba viwili, na moshi wa karai umeipaka dari weusi. Angeweza kumwokoa mtoto. Neno moja tu lilitosha: kwamba kukaanga ni starehe yake, kwamba hufanya kupitisha siku. Neno hilo lilimfika ulimini, akaona uso wa Duha unamwomba alitoe, na kule kuombwa ndiko kulikomchoma zaidi. Akalimeza.

"Mkweo amekuuliza, Duha. Mimi ni nani?"

"Mama, twende nyumbani."

"Mimi ni nani?"

"Ni mamangu," Duha alinong'ona. "Yuakaanga sambusa."

"Sema kwa sauti. Fundi wa Aden yuko jikoni, hakusikii."

"Ni mamangu!" Duha akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Yuakaanga sambusa, na ndizo zilizonisomesha. Nimesema uwongo. Niliona haya."

Jefwa alisimama na birika la chai mkononi, hajui amimine au akimbie.

"Mimi nilianza kwa kuchukua vitambaa kichwani, mlango kwa mlango," Bi Nasiha alisema. "Kwa karai hungenitisha, binti yangu. Kwa uwongo umenitisha. Hilo tutazungumza, mimi na wewe na mwanangu, kabla ya siku kufika." Kisha akamgeukia Mwanakhamis, na kwa mara ya kwanza siku hiyo maneno yakamtoka bila kipimo. "Nawe, dada yangu, nisamehe kwa niliyoyasema kule. Hizi ni zako. Tupikie wewe, basi. Harusi si yako?"

Ndilo neno alilokuwa akilililia tangu alfajiri. Lau lingekuja asubuhi angebusu mikono. Sasa lilipita kifuani likakuta pamejaa.

"La," alisema. "Sikaangi hata moja. Siku hiyo mimi nitakaa mbele pamoja na wageni, niletewe. Duha atakunja. Atakuja kwangu, atakaa kwenye kigoda changu, akunje zote, mpaka ya mwisho. Na kila atakayeuliza zimetoka wapi atajibiwa na yeye."

"Mama," Duha alisema, "mimi sijui kukunja."

"Najua hujui. Miaka yote hiyo nilikufukuza jikoni, nikikwambia nenda kasome. Sikutaka uungue mikono."

Akalichukua sinia lake na kitambaa chake, akatoka nalo. Hussam alitaka kumpokea, akamwambia aondoke njiani.