Mitungi ya Majina

Nchi ya Zimbeo imelala ubavu kati ya milima miwili, na katikati yake, juu ya kilima kinachoonekana kutoka mlango wa kila nyumba, kimesimama Chuo cha Lugambwe. Kimejengwa kwa mawe meupe yaliyopandishwa huko vichwani mwa watu, na kuta zake ni ndefu kiasi kwamba jua huchelewa saa nzima kuwafikia walio ndani. Hakuna mkunga, mwalimu, mpima ardhi wala hakimu katika Zimbeo ambaye hakupitia Lugambwe, na hakuna aliyehesabiwa kuwa amepita Lugambwe mpaka jina lake lisomwe mbele ya wazazi, Siku ya Kusomwa, kutoka katika Daftari Kuu lenye majalada ya ngozi ya nyati. Aliyesomwa alishuka kilima akiwa mtu mwenye kazi. Asiyesomwa alishuka vilevile, ila kwa njia ya nyuma, ile inayopita jalalani.

Juu ya chuo lilikaa Baraza la Adabu, wazee kumi na wawili wenye shingo fupi na vikao virefu, na viti vyao vilikuwa vikinenepa. Kila mwaka magodoro mia tatu yalipandishwa kilimani kwa ajili ya mabweni. Kila mwaka wanafunzi waliendelea kulala juu ya mbao tupu. Na kila mwaka, chini ya mahameli nyekundu, viti vya Baraza viliongezeka ulaini na kimo, hata ikabidi wazee wavipande kwa ngazi. Waliita jambo hilo kukua kwa heshima. Kiti cha Mkuu wa Chuo, Gumbaru Tisho, kilikuwa na ngazi ya vipago tisa, na sauti yake ilipofika chini ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kama ya mtu anayeita kutoka kisimani, ingawa yeye ndiye aliyekuwa juu.

Baraza hili halikumchapa mtu wala kumfunga. Lilijivunia hilo mbele ya wageni. Silaha yake ilikuwa wembe mdogo. Mwanafunzi akituhumiwa, karani wa Baraza, mtu mkimya aliyeitwa Pembe, alifungua Daftari Kuu, akalikata jina la mtuhumiwa kwa uangalifu wa mshonaji, akakitia kile kipande cha karatasi ndani ya mtungi, akauziba kwa nta. Jina hilo sasa limeshikiliwa, uchunguzi unaendelea. Tangu hapo mwalimu hakuruhusiwa kumwita darasani, mtunza vitabu hakumwazima kitabu, mpishi hakumpakulia, kwa sababu hayumo. Na mwanachuo yeyote aliyelitamka jina lililoshikiliwa alipoteza na lake. Uchunguzi wenyewe haukuwa na mwisho uliowekwa. Kulikuwa na mitungi katika ghala la Baraza ambayo buibui walikwisha kuirithisha wajukuu wao.

Mwatima Kole alikuwa mwaka wa tatu wa ukunga, na zilikuwa zimebaki siku kumi na nane asomwe. Kwao, Bonde la Shura, mkunga wa mwisho alifariki wakati wa mvua za masika, na tangu hapo wajawazito walibebwa kwenye machela mwendo wa siku mbili. Wengine walirudishwa kwenye machela ileile, wamefunikwa. Watu wa Shura walikuwa wameezeka nyumba, wamechonga kitanda cha kuzalia, wanamsubiri. Yeye ndiye aliyebandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, yenye maneno manne tu: Magodoro yetu yako wapi? Chini yake akaandika jina lake kamili, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka.

Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa mtungini.

Kikao cha kwanza kilifanyika katika ukumbi wa mahameli. Mwatima alisimamishwa chini kabisa, akiwatazama wazee kama mtu anayetazama nazi.

"Unajua kwa nini umeitwa hapa?" aliuliza Gumbaru Tisho.

"Sijaambiwa, mheshimiwa."

"Karani, andika: hana majuto."

Pembe akaandika.

"Ningeomba kuambiwa kosa langu," alisema Mwatima.

"Binti, kosa lako ndilo tunalolichunguza. Tukikuambia sasa, tutakuwa tumekuhukumu kabla ya uchunguzi. Sisi si washenzi." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na viti vikalalama chini yao. "Haya, tuanze kwa utaratibu. Taja jina lako, liandikwe."

"Mnalo ninyi."

"Nimesema ulitaje."

"Jina lililoshikiliwa halitajwi na mwanachuo. Nikilitaja natenda kosa mbele ya Baraza."

Gumbaru alimtazama Pembe, na Pembe alifungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akasoma, akafunga.

"Ni kweli, mheshimiwa. Na kikao kisicho na jina la mtuhumiwa hakiwezi kuendelea."

"Basi kiahirishwe."

"Hadi lini?" aliuliza Mwatima.

"Hadi utakapoweza kutaja jina lako," alijibu Gumbaru, na sauti yake nyembamba ikashuka polepole kama vumbi.

Mwatima alitoka akiwa ameelewa alichofanyiwa. Hawakuwa na haja ya kumhukumu. Siku kumi na nane zingepita zenyewe, na Shura wangechonga machela nyingine.

Mchana ule bwaloni alipanga foleni kama wenzake, pengine kwa mazoea. Mpishi alishika upawa hewani.

"Huyu hayumo kwenye orodha yangu."

Nyuma ya Mwatima alikuwa Hadia Mrashi, mwenzake wa chumba kimoja, msichana mwembamba mwenye ulimi usiokaa bure.

"Basi nipakulie mimi mara mbili," alisema Hadia. "Mimi mroho."

"Mroho gani mwenye mifupa kama ya mwavuli?"

"Chakula chako ndicho kilichonifikisha hapa, kaka. Pakua."

Mpishi akacheka, akapakua. Hadia aliiweka sahani ya pili mbele ya rafiki yake, akakaa, akanyoosha mgongo, na kwa sauti iliyofika hadi meza ya wasimamizi akasema: "Mwatima, kula. Mboga inapoa."

Vijiko vilisimama. Mtu mmoja alikohoa. Msimamizi alikuwa tayari ameshatoa kalamu.

"Umefanya nini wewe?" Mwatima alinong'ona.

"Nimekukaribisha chakula. Ulitaka nikuite nini, we kitu?"

Kesho yake asubuhi jina la Hadia lilikatwa, naye akarudi kutoka ghalani akipangusa vumbi mikononi. "Mtungi wangu una ufa," aliwaambia mezani. "Nimeukagua. Angalau litapata hewa." Meza nzima ilicheka. Kisha kijana wa upimaji ardhi aliyekaa mwisho wa benchi, ambaye hakuwahi kuzungumza na yeyote kati yao, aliweka kijiko chini na kusema kwa adabu, "Hadia, nipitishie chumvi." Na wa pembeni yake akasema, "Mwatima, na wewe nipitishie maji." Msimamizi akaandika mpaka wino ukamwishia.

Tangu hapo jina la Mwatima likawa salamu ya Lugambwe. Walilitumia kwenye ngazi, kwenye mabomba ya kufulia, kwenye milango ya madarasa. Waliotaka kuazima sabuni waliomba kwa jina la Hadia. Wembe wa Pembe ulitembea kutwa juu ya Daftari Kuu, kurasa zikawa na matundu kama wavu wa kuanikia dagaa, na Baraza likaagiza mitungi kutoka vijiji vitatu, halafu kutoka vijiji tisa, mpaka wafinyanzi wa Zimbeo wakaacha kufinyanga vyungu vya kupikia. Mitungi ilijaza ghala, ikajaza veranda, ikapangwa kwenye ngazi za ukumbi wa mahameli, hata wazee wakawa wanapita upandeupande. Siku ya kumi na moja hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja mwenye jina. Mpishi alisoma orodha yake, akaikuta nyeupe, akapakulia kila aliyekuja na sahani.

Ndipo watu wa Lugambwe walipogundua jambo ambalo Baraza lenyewe halikuwa limeliona. Mashtaka hayaandikwi bila jina. Asiye na jina hana pa kushtakiwa. Walitembea uani wakiwa wepesi kama watu waliotua mizigo ya kuni, wakaimba darasani, wakaingia maktaba na kujisomea bila kuazimwa, na walimu, ambao walikatazwa kuwaita, walifundisha kwa kuwanyooshea kidole, wakakiri kwamba hawajawahi kufundisha vizuri hivyo.

Siku ya kumi na tano, Baraza likiwa limekwenda kula chakula cha mchana, Mwatima aliingia ukumbi wa mahameli, akapanda ngazi ya vipago tisa, akachana mahameli kwa mkasi wa kukatia vitovu. Ndani, moja juu ya jingine, yalikuwa magodoro ya mabweni, kila moja na mhuri wake. Nyuma yake waliingia wenzake, mia, mia mbili, mia tano, wakayabeba vichwani juani kweupe, mstari mmoja kutoka ukumbini hadi mabwenini. Baraza lilirejea likakuta viti kumi na viwili vya mbao, vifupi kama vya kukamulia ng'ombe. Gumbaru Tisho alikaa. Magoti yake yalifika kidevuni. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika ya kawaida, na haikuwa na kitu ndani yake.

"Pembe. Fungua faili."

"Nimefungua, mheshimiwa."

"Andika mtuhumiwa."

"Nani?"

"Yule binti."

"Hayumo Daftarini, mheshimiwa."

"Basi andika yeyote."

Pembe alifunua kurasa. Alikuwa amelitumikia Baraza miaka thelathini, na katika muda huo alikuwa ameamini utaratibu kama wengine wanavyoamini mvua. Hakuwahi kumchukia mwanafunzi hata mmoja, wala kumhurumia. Alifunua matundu juu ya matundu mpaka akafika ukurasa wa kwanza, ambako Baraza lilikuwa limejiandika kwa wino wa dhahabu ili kila msomaji aanze kwao.

"Yeyote hayumo, mheshimiwa. Mmebaki ninyi kumi na wawili."

"Sasa?"

"Kanuni ya hamsini, ile uliyoitunga mwaka wa ukame. Mkosaji asipojulikana, majina yote yaliyomo Daftarini yatashikiliwa hadi ajulikane."

"Nilitunga kwa ajili ya mabweni."

"Haikuandikwa mabweni."

"Naifuta."

"Kufuta kanuni kunahitaji sahihi," alisema Pembe, na wembe ulikuwa umeshapita, "na sahihi ni jina." Aliinua kile kipande chenye dhahabu, akakipuliza vumbi. "Jina limeshikiliwa. Uchunguzi unaendelea."

Hakutafuta mtungi mzuri kuliko mingine.

Siku ya Kusomwa ilifika kwa sababu siku hazina adabu ya kusubiri. Wazazi walipanda kilima tangu alfajiri, wakiwa na mabuyu ya maji, mazulia ya kukalia na nguo za kuazima. Watu wa Shura walikuja na machela. Walisema ni ya kubebea vitabu vya binti yao, lakini kila aliyeitazama aliona madoa. Baraza lilikaa kwenye viti vyake vifupi mbele ya umati, na kwa kuwa kanuni inakataza kumwita asiye na jina, hakuna aliyeweza kumkaribisha Mkuu wa Chuo azungumze. Pembe aliweka Daftari Kuu mezani, akalifungua, na upepo ukapita ndani yake ukitoa mlio.

"Hakuna wa kusomwa," alisema.

Mwatima alisimama kati ya wenzake, mikono imelala pembeni. Alikuwa amerudisha magodoro, lakini kulala vizuri hakumfanyi mtu kuwa mkunga. Alimwona mama yake, Bi Mkasi, akiuliza wa kulia kwake, kisha wa kushoto kwake, kisha akiinuka na kukaza khanga kiunoni.

"Samahani, karani," alisema Bi Mkasi. "Mwanangu ana kosa gani?"

"Linachunguzwa, mama."

"Na jina lake mmelifanyaje?"

"Limeshikiliwa. Haliruhusiwi kutamkwa na mwanachuo yeyote."

"Mimi si mwanachuo. Sijui hata kusoma. Jina hilo nilimpa mimi, alipokuwa na saa mbili duniani, sikumwomba mtu kalamu." Akageuka, akajaza kifua. "Mwatima Kole!"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama karani. Pembe alifungua kitabu cha kanuni. Alisoma mbele, akarudi nyuma, akasoma tena, na watu waliokuwa karibu wanasema kona ya mdomo wake ilisogea, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

"Hakuna kanuni inayomzuia mzazi," alisema. Akachovya kalamu. "Mwatima Kole. Ukunga. Amesomwa."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Mama Hadia aliita mpaka sauti ikakatika, akadakwa na shangazi. Kina baba ambao hawakuwahi kuinua sauti mbele ya kuta zile walisimama juu ya mazulia wakaita. Nyanya mmoja aliwaita wajukuu wake watatu na yule wa nne aliyefeli, na Pembe akalazimika kumkatalia kwa upole. Majina yaliruka uwanjani, yakagonga mawe meupe, yakarudi makubwa zaidi, na huko kwenye veranda mitungi ikaanza kupasuka kwa vishindo vya miguu ya watu walioanza kucheza ngoma. Watu wa Shura walimkalisha mkunga wao kwenye machela akiwa hai na akicheka, wakamshusha kilima kwa njia ya mbele.

Jioni jua lilipoanza kuinama, Daftari Kuu lilikuwa limejaa tena, isipokuwa ukurasa wa kwanza. Umati ulianza kukunja mazulia. Pembe hakuondoka. Aliuweka ukurasa ule wazi, akachovya kalamu, akangoja kama kanuni inavyotaka, kwa kuwa haki ya kuitwa na asiye mwanachuo ni ya wote.

Wazee kumi na wawili walitazama umati, mmoja mmoja, wakitafuta uso. Gumbaru Tisho alimtazama mkewe, aliyekaa safu ya mbele peke yake, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akimwita Mheshimiwa, hata nyumbani, hata kitandani, kwa amri yake mwenyewe. Mama yule alirekebisha ushungi wake. Alimtazama mumewe kwa muda, magoti yale kidevuni, kisha akafumbua kinywa.

Waliokuwa karibu naye wanaapa kwamba alipiga mwayo. Waliokuwa mbali wanasema alikuwa akijaribu kukumbuka.