Gati la Bamvua

Zaitun alichagua Jumanne kwa makusudi. Kalenda ya maji ilisema siku hiyo ni maji mafu, wakati bahari hujaa kivivu na kupwa kivivu. Injinia Abdulrazaq alipoiona barua yake ya kumwita kwenye ukaguzi, akapiga simu papo hapo.

"Mkaguzi, twende wiki ijayo. Itakuwa bamvua, maji tele, boti inapita popote."

"Wiki ijayo tumechelewa. Muda wa matazamio unaisha Ijumaa."

Hapo hapakuwa na ubishi. Gati la Mkokoni, kijiji cha delta upande wa Mbuchi, lilijengwa mwaka jana ili wagonjwa wa zahanati wapande boti wakiwa wakavu. Hadi Ijumaa, kasoro yoyote ilikuwa ya mkandarasi kurekebisha. Baada ya hapo angepewa cheti chake aende zake, na kasoro ibaki na wanakijiji. Injinia alishalikagua gati mara tatu, na mara tatu ameandika kwamba linafaa. Zaitun, mkaguzi wa ndani wa halmashauri, hakuwa na sababu ya kumshuku. Ya kumwamini pia hakuwa nayo. Alikuwa na tepu ya kupimia.

Waliondoka Nyamisati asubuhi kwa boti ndogo ya Twalibu, maana ile ya ofisi isingepita. Mikondo ilipokonda Twalibu alizima mashine, akashika upondo kuisukuma boti.

"Injinia, leo umepanda chombo cha walalahoi!"

"Tazama mbele, utatutia kwenye mikoko."

Saa tano wakafika. Gati lilipendeza: zege safi, vyuma vya buluu, ngazi pana. Ila kati ya boti na ngazi ya mwisho palikuwa na matope matupu.

"Tungoje kidogo maji yajae," alisema Injinia.

Twalibu alimkodolea macho. "Yajae mara ngapi, kaka? Ndiyo yamejaa haya. Yakitoka hapa yanapwa."

"Haiwezekani. Mimi nimefika hapa mara tatu, na boti iligusa ngazi."

"Tarehe gani?" Zaitun aliuliza.

Injinia alizitafuta kwenye simu. Zaitun akazilinganisha na kalenda ya maji: zote bamvua, zote alasiri, maji yakiwa juu kabisa. Hapakuwa na hila. Boti ya ofisi ni kubwa na hupita mikondo ile siku za bamvua tu, basi kila mkubwa aliyewahi kukanyaga Mkokoni alipakuta pana maji mengi. Aliyelichora gati naye aliletwa na boti hiyohiyo.

Mwanawetu, mkunga wa zahanati, alikuwa ameshateremka ngazi, ndala mkononi, kanga imekazwa kiunoni.

"Karibuni! Shukeni basi. Mnaogopa tope? Wajawazito wangu mbona hawaogopi!"

Zaitun alivua viatu akashuka. Injinia alishuka na vyake miguuni, na hatua ya tatu akazama hadi gotini.

"Vuta taratibu, baba," Mwanawetu alisema huku akicheka. "Kiatu waachie kaa, watakuombea dua."

Kutoka ngazi ya mwisho hadi majini, tepu ilisema mita kumi na mbili na nusu. Mwanawetu akaanza kusimulia ya Muzdalifa, aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua mwezi Machi, lakini Zaitun alimkatiza kwa upole.

"Hiyo utanisimulia, dada. Kwanza nipe daftari la rufaa."

Daftari lilikuwa limeandikwa vizuri. Katika miezi sita wagonjwa arobaini na mmoja walisafirishwa kwenda hospitali. Ishirini na sita kati yao walibebwa juu ya matope. Machela iliteleza mara mbili. Mara ya pili aliyekuwa juu yake alikuwa Muzdalifa.

Injinia alikuwa amekaa ngazini akijisuuza mguu. "Zaitun, andika 'linafaa, kwa maboresho madogo'. Mimi na mkurugenzi tutalimaliza kimyakimya."

"Ikipita Ijumaa, mtalimaliza na nani?"

Injinia akaacha kujisuuza.

"Na mkurugenzi akikasirika?"

"Akasirike. Taarifa yangu inafika kwake na kwa kamati ya ukaguzi siku moja. Yeye hawezi kuifuta, na mimi siwezi kuipunguza. Wewe nafasi yako hii hapa." Alimpa karatasi yenye safu tupu: majibu ya mkuu wa idara, yaani Injinia mwenyewe.

Injinia aliisoma safu hiyo. Akipinga, hoja ingejadiliwa hadi Ijumaa ipite, na mkandarasi angeponyoka. Akikubali, taarifa tatu zenye sahihi yake zingehesabika makosa.

"Nipe kalamu."

Akaandika kwamba hoja ni sahihi, kwamba ukaguzi wake wote ulifanyika wakati wa bamvua, na kwamba mkandarasi anatakiwa kurefusha gati kwa mita … Hapo akasita.

"Kumi na mbili na nusu," alisema Zaitun.

"Hizo ni za maji yaliyojaa. Yakipwa je? Nikiandika hizo, nitakuwa nimekosea mara ya nne." Akamgeukia Twalibu. "Yanapwa kabisa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Lakini hapo boti itakuwa imekaa juu ya tope, hatutoki mpaka yarudi."

"Na ikae," alisema Injinia. Alivua kiatu kilichobaki, akanyoosha mkono kuiomba tepu. Mwanawetu akapanda ngazi kwenda kuongeza mchele chunguni.