Mguu wa Nalotuesha

Nalotuesha alipomaliza kufungua leso aliyojifunga mguuni, muuguzi Yvonne aligeuza uso kabla hajajizuia. Vidole viwili vilikuwa vyeusi tititi. Kwa sababu ya harufu ya mguu huo Nalotuesha alikuwa amefukuzwa kazi ya kupanga maua kule Kitengela, na sasa ilijaza chumba kizima cha hospitali hapa Kajiado.

"Ulikuwa unatumia nini, Mama Koinet?" muuguzi alimuuliza.

"Supu ya mti wa olkiloriti. Si hiyo maganda ndiyo hutupatia miguu nguvu? Na ARV sijawahi ruka hata siku moja. Mlisema virusi haionekani, niko sawa."

Kweli walisema. Tena watu wa mradi wa utafiti walimpima mishipa ya shingo na ya miguu kila baada ya miezi sita, miaka minne mfululizo, wakimpa chai na biskuti. Nyumbani kwao, mtu akimpapasa ng'ombe mgonjwa hamwachi hivyo hivyo. Basi Nalotuesha, maskini, alilala kwenye kitanda chao cha vipimo kwa moyo mweupe akijua anatibiwa.

Daktari Mureithi alifungua faili.

"Virusi imetulia, ni ukweli. Lakini bado imejificha ndani ya askari wa mwili. Hao askari wanaingia kwa kuta za mishipa, wanazichokoza, zinavimba, zinaziba. Damu haifiki chini. Mishipa yako inaziba, imeandikwa hapa."

"Iliandikwa lini?"

Daktari alifunika tarehe kwa kiganja. Yvonne ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Miaka tatu imepita."

"Na hamkunipigia simu?"

"Hayo yalikuwa majibu ya utafiti, mama, si ya kliniki," daktari alisema. "Hiyo ni ofisi ingine."

Ofisi yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao. Miaka mitatu alikuwa akichemsha maganda, na kila mwezi akija kuchukua dawa alikaa kwenye benchi akiuegemea ukuta huo huo. Moyo ulimuuma kuliko mguu.

"Tutakata hapa, chini ya goti." Daktari alimsukumia karatasi mbili. "Hii ni ruhusa ya upasuaji. Hii ingine ni ya mradi, wamerudi awamu ya pili. Wanaomba kipande cha mshipa, mguu ukishatoka."

"Na wakiona kitu, wataniambia?"

Mureithi aliisoma karatasi hadi chini, akaigeuza nyuma, akairudia tena akitafuta mahali palipoandikwa hivyo. Yvonne alikuwa ameshamshika Nalotuesha kidole gumba, anakichovya kwenye wino.