Rangi Mara Mbili

Nilijitia ujuzi, sina pa kujificha. Kazi yangu ni kuchambua mbegu za mafahali kwa mashine. Natia rangi inayoshika DNA, kila seli inapita mbele ya mwanga wa urujuanimno, inang'aa. Za kuzaa majike zina DNA nyingi kidogo, kwa hiyo zinang'aa zaidi. Hizo zinakwenda huku, za madume kule.

Fahali wa dada yangu mkubwa alikuwa achinjwe wiki ile, mguu umekwisha kabisa. Dada akanikabidhi mbegu zake za mwisho.

"Nataka mtamba. Lakini mdogo wangu, bakiza nusu kama zilivyo. Nakujua kwa kiherehere."

"Dada, niachie kazi yangu," nikamjibu, nimeshanuna.

Sikubakiza hata tone. Kwenye grafu ya skrini vilima viwili, cha majike na cha madume, vilikuwa vimegandana, na mimi picha chafu hunikera. Nikatia rangi mara mbili, nikakaza mwanga. Vilima vikaachana safi, nikamwita hata mkuu wa maabara aje aone.

Baada ya saa mbili nikazitazama kwa darubini. Karibu zote zimelala, moja moja inajikongoja. Rangi na mwanga vilikuwa vimeziumiza, na nilijua. Nikazigandisha hivyohivyo, nikampa dada maneno matamu kwamba ziko salama.

Ng'ombe wake mmoja tu ndiye aliyepandikizwa mbegu hizo, Mapozi, aliyemlea kwa chupa tangu ndama. Mara nne, na mara zote nne akarudi kwenye joto, hakushika mimba. Dada akanipigia simu.

"Mbegu zako zina shida?"

"Shida ni ng'ombe wako. Huyo tasa."

Roho iliniuma miezi. Juzi nikafunga safari kwenda kusema kweli, nikakuta zizi la Mapozi limefagiliwa.

"Nimempeleka machinjioni jana," dada akasema. "Nimlishe tasa mpaka lini? Si ulisema mwenyewe."

Nikakaa juu ya ndoo, nikamweleza yote, rangi, mwanga, darubini. Nilitaraji anitukane, na matusi yangenipa nafuu. Akaniuliza tu, "Ulijua lini?"

"Siku ileile, dada."



"Ungeniambia siku ileile," akasema, "ningemlilia fahali peke yake."