Kwanza Wahome Atolewe Nje

Jioni ile Kagure alikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, kwa maana wa kushoto ulikuwa umevimba kwenye kifundo na haukukubali kushika chuchu. Paka alikaa kando ya ndoo akingoja kifuniko chake kitiwe maziwa. Alipopewa alikunywa, akajipangusa masharubu, kisha akasema kwamba chuchu ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa inaanza ugonjwa na ingefaa ikandwe kwa maji ya moto. Kagure akaikanda. Halafu paka akasema kwamba Theuri, mumewe, amerudishiwa majani yake kwenye kituo cha chai, mbele za watu, ati yamekomaa mno, na sasa yuko njiani anakuja.

"Ficha ile mwiko kubwa," paka alisema.

Kagure akauficha chini ya nyasi za ng'ombe. Haikusaidia kitu, kwa sababu mshipi Theuri alikuwa ameuvaa.

Paka huyu alikuwa akisema tangu mahindi yalipotoa maua. Alisema Kikuyu cha wazee, kile cha kuvuta maneno, na hakupenda kurudia jambo. Kagure hakumwambia mtu. Watu wa pale Tetu walikuwa wameona jicho lake lililovilia damu wakanyamaza, wangemuuliza habari za paka kwa nini?

Jina la paka lilikuwa Wahome, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kwa watu hawa, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na tangu siku hiyo baba mtu humwita mwanawe "baba". Humwachia kiti kizuri na husema naye kwa adabu hata kama bado anajikojolea. Babake Theuri, mtu mpole aliyekwisha kufa, aliitwa Wahome. Na kabla paka huyu hajazaliwa, mtoto alikuwa njiani. Mimba ya Kagure ilikuwa inaonekana hata chini ya sweta. Kisha likaja teke. Hospitalini Theuri aliwaambia wauguzi kwamba mkewe aliteleza kwenye shamba la chai, mvua ilikuwa imenyesha, na ni kweli mvua ilikuwa imenyesha.

Kagure alirudi nyumbani mikono mitupu, akakuta paka wa stoo amezaa, na katika vitoto vyote mmoja tu ndiye mzima. Alimtia ndani ya sweta, mahali palipokuwa na joto na hapakuwa na mtu, akamwita Wahome, wakiwa peke yao. Hakukusudia dharau. Jina lilikuwa limeshatayarishwa, na mwenyewe hakuja.

Theuri hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na kanisani ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka. Kabla ya kuvua mshipi alifunga dirisha, akafungulia redio wakati wa nyimbo za dini, na majirani waliosikia redio walisema nyumba ile ina Mungu. Watu wa namna hiyo husifiwa sana, na sifa hizo huumiza kuliko mshipi.

Asubuhi moja, maziwa yakiwa bado yanatoa povu, Wahome alisema, "Ingine ikikuja, hutaamka." Hakusema zaidi. Kagure alimtia ndani ya kiondo, akamfunika kwa leso, akaenda kwa baba yake kule Kangema.

Mzee Mugo alimpenda bintiye, hilo lazima lisemwe. Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, akauweka mapajani mwake kama mtu aliyeshikishwa kitu kisicho chake. Alijua kwamba wazee wa upande wa Theuri watakuja kumtaka mke wao, na kwamba watauliza nani aliona. Walikwisha kuuliza mara ya kwanza alipokimbilia hapo, na Kagure akarudishwa shingo upande.

"Nipatie mtu mmoja," Mugo alisema. "Mmoja tu, aliona na macho yake. Nikimpata huyo, wewe hurudi huko tena, hata wakuje na nini."

"Niko naye," alisema Kagure.

Ndipo akalala usingizi, mara ya kwanza tangu ndoa yake, bila kusikiliza mlango.

Walikuja Jumamosi na kreti za soda. Theuri alivaa koti la kanisani na kofia, akamsalimu baba mkwe kwa heshima zote. Msemaji wao alikuwa mzee Moffat, mtu wa haki kwa jinsi alivyoijua haki. Alisema ndoa zote zina moshi. Alisema Kagure anahitajika nyumbani, na hata ng'ombe amepunguza maziwa. Kisha akauliza kama kuna aliyeona kwa macho.

Kagure akafunua kiondo. Wahome alitoka, akajinyoosha, akakaa katikati ya meza kati ya chupa.

"Mimi niliona," alisema. "Anafunga dirisha, anawasha redio, halafu anatoa mshipi. Wiki hii alipiga huo mkono na chuma ya mshipi, mama akiwa amejikinga uso. Na ile siku ya mtoto hakutumia mshipi. Alitumia mguu, na alikuwa amevaa gambuti. Mama alikuwa ameinama akiwasha jiko."

"Hiyo ya jiko, ulikuwa wapi?" Moffat aliuliza.

"Nilikuwa bado ndani ya tumbo ya mama yangu paka, chini ya meza."

"Basi hiyo ni ya kusikia. Tuiweke kando. Hizi zingine tumekubali, umeongea vizuri."

Mugo alishusha pumzi. Kagure aliona mabega ya baba yake yakilegea, akajua ameokoka. Furaha ilimjaa mpaka kooni, furaha ya aibu kidogo, ya mtu aliyekwisha kujizika.

"Na unaitwa nani," Moffat akauliza, "ndio tujue ni nani ameongea?"

"Wahome."

Theuri akasimama. Akavua kofia.

"Baba?" alisema.

Paka alimtazama, akafumba macho, akayafumbua. Wazee wote wakaweka soda zao chini. Tangu hapo hakuna aliyetaja mshipi tena. Walijadili kama jina la mzee linaweza kukaa kwa paka, wakakubaliana kwamba haifai, lakini jina likishatoka mdomoni halirudi. Kwa kosa hilo Mugo atatoa kondoo, kwa kuwa aliyempa paka jina hilo ni binti yake. Halafu Moffat akaomba chai, akainywa, akasema neno la mwisho.

"Sisi tulikuwa tunafikiria hiyo boma haina mzee. Kumbe iko naye. Sasa hii kesi iko na mwenyewe. Mzee hawezi kukaa kwa wakwe zake ndani ya kiondo, ati ni shahidi. Arudi nyumbani, akae chini na kijana yake, wamalize."

"Na mimi?" Kagure aliuliza.

"Si ni wewe unampatia maziwa?"

Kagure akamgeukia baba yake. "Ulisema mtu mmoja."

"Nilisema," Mugo alijibu. Alikuwa akitazama chupa yake ya soda, ambayo hakuifungua. "Lakini huyu ni mtu wa kwao."

Wakarudi Tetu siku hiyo hiyo, Wahome akiwa mapajani pa Theuri, juu ya koti.

Sasa Wahome ana kiti chake karibu na moto, chenye mto wa kitambaa cha kufuma, na maziwa hupewa kabla ya mtu yeyote. Theuri humwuliza habari za mbolea na za kupogoa chai, na shamba limestawi. Watu huja kumwuliza kuku aliyepotea yuko wapi, naye huwaambia. Na kila Theuri anaporudi na uso ule, Wahome humwambia aache, humwambia kwa ukali, kama baba. Theuri husikiliza amesimama, kofia mkononi, mpaka mzee amalize.

Kisha humwinua kwa mikono miwili, kwa upole, kwa sababu mtu hafanyi mambo hayo mbele ya baba yake. Humtandikia gunia barazani, humwekea maziwa ya moto, hurudi ndani, hufunga dirisha, na redio huanza.

Wahome hayagusi maziwa. Hukaa wima kwenye gunia, akitazama njia, wakati wachuma chai wanapotoka kituoni na vikapu vitupu mgongoni.

"Habari ya jioni, baba," humsalimu.

"Anampiga," husema Wahome.

"Haya, baba," nao hujibu, wakiinamisha vichwa kidogo kwa heshima, na kuendelea na safari.