Mheshimiwa Ashika Pedi

Diwani Herman aliufunga ukumbi wa gemu wa Oliva siku ya Jumatatu, kwa kipaza sauti, akiwa amesimama nyuma ya pikapu isiyo yake. Alisema gemu lile linafundisha watoto kupiga wazazi. "Picha ni mwalimu!" alisema. "Mkono unaobonyeza leo, kesho unapiga!" Watu wakapiga makofi. Hapa Katesh mtu akishika kipaza sauti anapigiwa makofi hata akitangaza kwamba mkutano umeahirishwa.

Mimi sikupiga. Herman namjua tangu hajanenepa. Mwaka themanini na tatu, wakati wa kusaka walanguzi, alikuwa kijana wa chama mwenye rungu, akamnyang'anya bibi mmoja wa Dirma sabuni zake barabarani, ati anahujumu uchumi. Bibi akalia, yeye akaimba wimbo wa mapinduzi. Kisha biashara ikaachiwa huria, na duka la kwanza la jumla kwenye barabara ya Singida likawa la nani? Sabuni mpaka darini. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha akatangaza kwamba maendeleo yamesogea karibu. Ndiyo, yalisogea. Yaliishia nyumbani kwake.

Oliva ni mjane. Aliuza ng'ombe alioachiwa na marehemu mumewe, akanunua televisheni mbili na mashine mbili za gemu, akapanga chumba kinachopakana na kibanda changu cha kutengeneza redio. Ukumbi ule ndio ulikuwa unamlisha na kumsomeshea watoto. Ulipofungwa, alikaa mlangoni akimenya maharage ya jirani ili agawiwe kidogo.

Lakini ilikuwa 2010, mwaka wa uchaguzi, na vijana wana kura. Wote walisusia mkutano wa Herman, hata wale wanaokwenda popote palipo na soda. Basi mchana mmoja nikasikia mlango wa nyuma wa Oliva unagongwa taratibu, kama unavyogongwa na mtu mwenye haya. Nikashangaa, maana Herman haya hana.

"Shikamoo mheshimiwa," Oliva alisema.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Siku ya mnada nataka nicheze hiyo kitu mbele ya vijana. Waone niko nao. Nifundishe."

"Na ukumbi wangu?"

"Wakinishangilia, unafungua. Mpaka uchaguzi upite, halafu tutaona. Wakinicheka, unabaki umefungwa."

Ukuta wetu ni wa mbao, na kwenye mbao kuna nyufa. Niliacha redio ya watu, nikatazama.

Oliva akampa pedi, kile kidude cha kushika chenye vitufe na vijiti viwili. Akamweleza gemu lenyewe: ni mji mzima, unakwenda unakotaka, unatembea, unapigana, unachukua gari unaendesha. Kijiti cha kushoto kinamtembeza mtu wako. Cha kulia kinageuza macho. Mtoto wa darasa la pili anavisukuma vyote pamoja huku anakula muwa. Herman alisukuma kimoja akasahau kingine, na mtu wake akawa anatembea kinyumenyume huku anatazama mbingu, anagonga kuta.

"Macho yako yako mawinguni, mheshimiwa. Yashushe."

"Yanagoma!"

"Hayagomi. Hujayaambia."

Hatimaye akafika kwenye gari. Unajua alifanya nini? Alikwenda mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akasimama. Akasimama tu. Oliva akangoja, mimi nikangoja.

"Mheshimiwa, unasubiri nini?"

"Dereva afungue."

Niliuma kitambaa cha kufutia grisi ili nisisikike.

"Hapa dereva ni wewe," Oliva alisema. "Pembetatu ni gari. Duara ni ngumi. Usichanganye. Rudia."

"Pembetatu gari, duara ngumi," akasema, kama anaungama kwa padri.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni wale watu wa kwenye picha. Walimpita barabarani bila kumwangalia. Akamsogelea mzee mmoja, akasimama mbele yake, akangoja. Mzee akamzunguka akaenda zake.

"Mbona hawasalimii?"

"Hawakujui."

"Kitufe cha salamu kipi?"

"Hakuna, mheshimiwa. Kuna cha kupiga tu."

"Mji gani huu usio na shikamoo!" alifoka, na nadhani katika maisha yake yote hilo ndilo neno la pekee alilosema kwa uchungu wa kweli. Barabara ya Gehandu ilipokatika na mvua hakuumia hivyo.

Alikuja mara kadhaa, kila mara kwa mlango wa nyuma. Mwishoni aliweza kutembea na kutazama mbele kwa pamoja. Oliva alimpongeza, maskini. Angefanyaje?

Siku ya mnada ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Vijana wa bodaboda, wauza mbuzi, wapita njia. Mlangoni walisimama akina mama wa Kibarabaig waliotoka Gehandu kuuza ndama, na mbele yao Mama Gidamis, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Wanaume wa kule wanamwogopa. Wanawake wao wana baraza lao, na mwanaume akiwakosea hukaa wakamtoza fahali. Mume hasemi kitu, wala mzee wa ukoo. Mama Gidamis ndiye anayeongoza baraza hilo.

Herman akaketi, akashika pedi. Akatembea vizuri. "Diwani! Diwani!" vijana wakaimba, nusu kwa dhihaka, naye akaipokea yote kama sifa. Utamu ukampanda. Akaachia pedi mkono mmoja, akawapungia. Pale pale kwenye picha palikuwa na gari, na kando ya gari kikongwe amesimama na fimbo. Mkono ukarudi, kidole gumba kikatua kwenye duara.

Kikongwe akala ngumi ya uso.

Herman akaona gari halifunguki. Akabonyeza tena. Na tena. Akabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa ofisi iliyofungwa, na kila akibonyeza, bibi wa watu anapigwa, mpaka akalala chini, na mheshimiwa bado anampiga teke huku analalamika, "Gari bovu hili!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu waliangukiana. Nikamtafuta Oliva kwa macho. Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Herman akasimama, jasho linamtoka. "Ukumbi huu haufunguliwi tena!" akapiga kelele. "Mnasikia? Nimefunga!"

"Kaa kwanza," sauti ikasema mlangoni. Watu wakampisha Mama Gidamis.

"Shikamoo mama."

"Sikuitikii. Umempiga mwanamke mzee."

"Ile ni picha, mama."

"Televisheni naijua, mtoto wangu anayo. Sikukuuliza picha. Nakuuliza kidole ni cha nani."

"Changu, lakini..."

"Si nilikuwepo Jumatatu ile ulipofunga? Si ulisema mkono unaobonyeza ndio unaopiga? Basi umepiga. Kwetu hiyo ni fahali. Usipotoa tunakuja kukaa getini kwako, wanawake wote, tunaimba jina lako mpaka utoe. Na nasikia huu ni mwezi wa kampeni."

"Fahali! Fahali!" vijana wakaitikia.

"Jamani!" Herman akainua mikono. "Nani ameumia hapa? Picha haina madhara! Mtu anacheza, anamaliza, anakwenda kwake!"

Oliva akashusha mikono kichwani. Akasimama. "Rudia, mheshimiwa. Wa nje hawajasikia."

Hapo ndipo alipogundua alipoingia, na ilimchukua muda, kama alivyochukua muda kwenye kijiti cha kulia. Mtu mwenye msimamo angetoa fahali akashikilia neno lake. Nilimtazama anapiga hesabu.

"Picha haina madhara," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo ukumbi wangu hauna madhara."

"Hauna."

"Nafungua leo."

"Fungua. Mpaka uchaguzi..."

Mama Gidamis akakohoa.

"Siku zote," Herman akasema.

"Picha haina madhara, basi fahali abaki kwake," Mama Gidamis aliwaambia wenzake, wakatoka wanacheka. Mimi nilisikitika kidogo. Tungejua mapema, tungemtishia kwa mbuzi. Msimamo wake angeuacha hata kwa mbuzi.

Nilidhani ataondoka kwa aibu. Aondoke wapi! Macho ya watu yalipohama, akaketi tena, akachukua pedi. Safari hii akabonyeza pembetatu, akamvuta dereva wa watu kwenye gari lake, akamtupa kwenye lami, akaondoka nalo. Hilo aliliweza mara moja, bila mwalimu.

Alfredi wa bodaboda akamgusa bega. "Mheshimiwa, kuna foleni."

"Subiri, kijana. Ndiyo kwanza nimepata gari."

Oliva akainama, akachomoa waya wa pedi yake.

"Anayefuata," akasema.